Je, wajua kwa nini homa ya malaria hushuka kisha ikarudi?

Mgonjwa wa malaria anaweza kutetemeka kwa baridi, kisha mwili ukamchemka, hatimaye akatokwa na jasho jingi na kujiona amepona, lakini baada ya siku moja au mbili hali hiyo ikamrudia. Sababu yake imo ndani ya damu.

Malaria husababishwa na vimelea vya Plasmodiamu, ambavyo mbu jike wa jamii ya Anofelesi huviingiza mwilini anapofyonza damu. Kwanza vimelea huenda kwenye ini, ambako huzaliana kwa wiki moja au zaidi bila mtu kuhisi lolote. Kisha huvamia seli nyekundu za damu, huzaliana tena humo na kuzipasua kwa pamoja, na mabaki yanayomwagika huuchochea mfumo wa kinga kupandisha homa. Mwaka 1886 daktari Mwitalia Camillo Golgi alionyesha kwamba homa huenda sambamba na kupasuka huko. Aina za vimelea ziitwazo vivaksi na ovale hukamilisha mzunguko huo kwa takriban saa 48, na malarie kwa saa 72. Falsiparamu nayo huchukua kama saa 48, ila mara nyingi homa yake haina mpangilio, kwa hiyo asiye na homa ya vipindi asidhani kwamba hana malaria, hasa akiumwa kichwa na viungo au akitapika.

Falsiparamu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Seli ilizoziingia hunata kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo, na hapo ndipo hutokea degedege au kupoteza fahamu. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, ambako hutibiwa kwa sindano ya artesuneti.

Malaria isiyo kali, ikishathibitishwa kwa kipimo cha damu, hutibiwa kwa dawa mseto, kwa mfano artemetha na lumefantrini, dozi sita kwa siku tatu. Artemetha huua vimelea vingi upesi, ndiyo maana homa hutulia mapema, lakini haikai sana mwilini. Lumefantrini hubaki kuvimaliza vilivyosalia, navyo hupata nafasi ya kuongezeka upya iwapo mgonjwa ataacha vidonge njiani kwa kuwa amepata nafuu. Vivaksi na ovale huweza pia kulala ndani ya ini kwa miezi kadhaa, na huko huondolewa kwa primakwini, ambayo hutolewa baada ya kupima kimeng'enya cha G6PD, kwani huweza kuharibu seli nyekundu za wenye upungufu wake.