Kujaza Risasi za .404 Jeffery: Tazama Kasi Kabla ya Kutazama Fataki

Bunduki ya .404 Jeffery ilitoka London mwanzoni mwa karne ya 20. Idara za wanyamapori za Kenya, Tanganyika na Uganda ziliitumia miaka mingi katika kazi ya kudhibiti tembo waharibifu, na mpaka leo haijapotea porini. Risasi zake za kiwandani ni ghali na hazipatikani kila duka, kwa hiyo wenye bunduki hizi huko Marekani, Ujerumani na Afrika Kusini wengi wao hujijazia wenyewe, yaani hulitia ganda lililokwisha kupigwa fataki, baruti na kichwa kipya. Vipimo vya baruti vilivyochapishwa kwa ajili yake ni vichache, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Kwanza, sheria. Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Ujerumani hupewi baruti mpaka upite mafunzo na upate kibali. Maelezo haya yanamhusu anayefanya kazi hiyo kihalali, pamoja na mwindaji bingwa wa hapa nyumbani anayempokea mgeni aliyekuja na risasi alizojaza mwenyewe.

Jina lenyewe linadanganya. Kichwa cha risasi hii hakina kipenyo cha inchi .404, kina inchi .423, yaani milimita 10.75. Anayechukua vichwa vya inchi .411 akidhani vinakaribiana atapata vitu vinavyoteleza mtutuni bila kushika michirizi, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Kwa bunduki ya zamani usiamini hata mchoro. Sukuma kipande laini cha metali ya risasi kupita mtutuni, kisha ukipime kwa maikromita. Chemba, pale ganda linapokaa, nayo ipimwe kwa kumiminiwa metali maalumu inayoyeyuka kwa joto dogo, maana mafundi wa enzi hizo hawakukata chemba zote sawa.

Kiwango cha asili kilikuwa kichwa cha greni 400, karibu gramu 26, kwa kasi ya futi 2,125 kwa sekunde, sawa na mita 648. Kilipatikana kwa kordaiti, baruti ya nyuzi kama tambi, iliyopandisha shinikizo vibaya ikipata joto. Waingereza walilijua hilo, wakatumia ganda kubwa na shinikizo la chini ili risasi isikwame kwenye chemba chini ya jua la tropiki. Kikomo cha C.I.P., chombo cha kimataifa cha kupima silaha, ni shinikizo la baa 3,650. Linganisha na .30-06 ambayo kikomo chake ni baa 4,050, au .300 Winchester Magnum yenye 4,300. Kuna sababu nyingine ya kuheshimu kikomo hicho: bunduki nyingi za Mauser za urefu wa kawaida zilikwanguliwa chuma mbele ya magazini ili risasi hii ndefu iingie, na mahali hapo ndipo jino la chini la bolti, kipande kinachofunga chemba kwa nyuma, linapoegemea. Bunduki ya namna hiyo si ya kujaribia nguvu.

Sasa baruti. Ukiwa na vipimo vitatu au vinne tu vilivyochapishwa, na baruti iliyotajwa haipo dukani, kishawishi ni kufungua orodha ya kasi za uunguaji na kuchukua iliyo jirani. Usifanye hivyo. Orodha ile inakueleza nani yuko mbele na nani yuko nyuma, haielezi umbali kati yao, na mpangilio wenyewe hubadilika kutoka ganda hadi ganda. Majina yanayofanana ni mtego mkubwa zaidi. IMR 4831 na H4831 zina namba moja, lakini IMR huungua haraka zaidi. Aliyetia IMR kwa kipimo cha H4831 amejipandishia shinikizo kwa mkono wake. Kama baruti uliyonayo haina kipimo cha .404 kutoka kwa aliyeitengeneza, nunua nyingine. Programu za kompyuta kama QuickLOAD zinafaa kukagua kama kipimo kilichochapishwa kinaingia akilini. Kubuni kipimo kipya kutokana nazo peke yake ni kubahatisha kwa desimali nyingi.

Maganda nayo hayalingani. Chukua matano yaliyopigwa kwenye bunduki yako, yaache na fataki zake zilizokwisha (fataki ni kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), yapime uzito. Yajaze maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili mapovu yasishike kutani, sawazisha maji na mdomo wa ganda, pima tena. Tofauti ndiyo nafasi ya ndani, kwa kawaida kati ya gramu 7 na 7.5. Maganda ya kampuni nyingine yakiwa mazito na yenye nafasi ndogo, baruti ileile itatoa shinikizo kubwa zaidi. Usichanganye. Maganda ya kale ya Kynoch yenye fataki za Berdan, aina ya zamani isiyotoka ganda kirahisi, yaache yawe mapambo.

Anza na kipimo cha kuanzia kilichochapishwa. Kama umepewa kikomo peke yake, punguza asilimia 10. Usishuke chini zaidi ukidhani ndiyo usalama: baruti ya polepole ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa hushika moto kwa kusuasua, na shinikizo linaweza kuruka bila kutabirika. Panda kwa hatua za asilimia 1. Ukibadilisha fataki, ganda, aina ya kichwa au hata pipa la baruti, rudi mwanzo. Kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko chenye metali laini ya risasi ndani na uzito uleule. Kinakula nafasi ya baruti na ni kigumu kwenye michirizi, kwa hiyo hakijazwi kwa kipimo cha mwenzake.

Wengi hutazama fataki. Wakiiona bado ina kingo za mviringo, wanaongeza. Kwa .404 huo ni ushauri mbaya. Fataki kubapa, alama ya kitoa-ganda kwenye kitako na bolti nzito kunyanyuka mara nyingi huonekana shinikizo likishapita baa 4,000, wakati kikomo chako kilikuwa 3,650. Bolti ikikuambia kitu, umechelewa. Kupima upanuzi wa kitako kwa maikromita hakusaidii sana pia, kwa sababu ugumu wa shaba hutofautiana.

Kinachoaminika ni kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Iweke kama mita 3 kutoka mdomo wa mtutu, andika kasi ya kila risasi. Mtutu wako ukiwa mfupi kuliko ule wa maabara, tarajia kupungukiwa kama futi 20 hadi 30 kwa kila inchi. Ukifikia kasi iliyochapishwa kwa baruti pungufu, umeshafika, hata kama kitabu kinakuruhusu greni nne zaidi: kasi hiyo imelipiwa kwa shinikizo. Hali kadhalika, hatua moja ikirusha kasi ghafla, au ikaongeza baruti bila kuongeza kasi, rudi hatua mbili nyuma.

Halafu joto. Risasi iliyojaribiwa Ujerumani mwezi Februari si ileile ikiachwa kwenye dashibodi ya Land Cruiser huko Selous saa nane mchana. Baruti nyingi hupanda shinikizo kadiri zinavyopata joto. Mgeni anayekuja kuwinda asibebe kipimo cha kikomo. Futi 2,100 zimetosha nyati kwa zaidi ya miaka 100. Mwindaji bingwa ana haki ya kuomba daftari la vipimo na kumwona mgeni akipiga risasi tatu kambini, wakati wa joto, kabla ya kuingia porini. Bolti isipofunguka kwa vidole viwili, risasi hizo zibaki kambini.

Mabega ya ganda hili, pale linapopungua kuelekea mdomo, yana mteremko mdogo sana, na daisi, kifaa cha kulirudisha ganda umbo lake, ikikazwa kupita kiasi huyasukuma nyuma. Ganda huvutika kila linapopigwa, mpaka likatike karibu na kitako. Rekebisha daisi ili bega lirudi milimita 0.05 tu. Kukagua, chukua waya mwembamba, upinde ncha, upitishe ndani ya ganda ukikwaruza ukuta kutoka kitako kwenda juu. Ukisikia waya unadumbukia kwenye mfereji sentimita moja hivi juu ya kitako, lote kundi hilo litupwe, hata kama kwa nje hujaona pete ya kung'aa.

Kikuto cha mdomo wa ganda, yaani pale ulipobanwa kushika kichwa, kiwe imara. Mshindo wa bunduki hii husukuma vichwa vya risasi zilizobaki magazini viingie ndani ya maganda, nafasi inapungua, shinikizo linapanda. Jaza magazini, piga risasi mbili za juu, toa ya chini, pima urefu wake kwa kalipa na uulinganishe na ulioandika mezani.