Aliyoyasikia padre kwenye kitubio hayaendi kwa askofu

Jumapili iliyopita hapa Bagamoyo, nje ya kanisa, dada mmoja aliniambia ameacha kuungama. Kaambiwa dhambi ikiwa kubwa, padre humpelekea askofu taarifa, au polisi. Iliniuma, maana ni mwaka wa tatu sasa anabeba mzigo huo kwa jambo lisilo kweli.

Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema siri ya maungamo haivunjwi: padre asimfichue aliyeungama kwa neno wala kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Si kwa askofu, si kwa hakimu, si kwa Papa mwenyewe. Akiivunja moja kwa moja, anatengwa na Kanisa papo hapo, na kumwondolea adhabu hiyo ni juu ya Roma. Katazo hili si la jana; Mtaguso wa Nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliliandika mwaka 1215.

Hata wewe uliyepiga magoti foleni karibu na kile kiti chenye wavu, ukasikia neno bila kukusudia, siri hiyo inakufunga.

Kuna na hili wengi hawalijui. Mtunza sadaka akiungama kwamba ameiba, padre hawezi kumnyang'anya funguo kwa sababu ya alichokisikia pale. Anaweza kumtaka arudishe fedha. Muuaji naye, padre atamsihi ajisalimishe, lakini hawezi kuifanya hiyo kuwa sharti la kumwondolea dhambi.

Dada yangu, padre yupo Jumamosi jioni.