Kuondoa vikwazo baada ya vita: mfano wa Bosnia

Vikwazo vya Umoja wa Mataifa haviishi vyenyewe siku bunduki zinaponyamaza. Huwekwa kwa azimio la Baraza la Usalama, na kama azimio hilo halikutaja mwisho wake, linahitajika jingine la kuviondoa. Hapo ndipo mambo huwa magumu: mwanachama mmoja wa kudumu akipiga kura ya turufu, vikwazo vinabaki hata kama nchi nyingine zote zimeshavichoka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Yugoslavia ya zamani. Azimio 757 la tarehe 30 Mei 1992 liliziadhibu Serbia na Montenegro, jamhuri mbili zilizobaki na jina la Yugoslavia, kwa mchango wao katika vita vya Bosnia. Biashara na nje ilikatazwa, safari za ndege zikasimama, na hata timu za taifa zikazuiwa kushindana. Wapenda soka wanakumbuka matokeo yake: Yugoslavia ilitolewa kwenye Euro 92, Denmark ikaitwa kuziba nafasi, ikaondoka na kombe. Nyumbani hali haikuwa ya kuchekesha. Vikwazo, pamoja na serikali iliyochapisha pesa bila breki, viliufikisha mfumuko wa bei mahali ambapo mwaka 1993 ilitolewa noti ya dinari bilioni 500.

Mkataba wa amani ya Bosnia ulikubaliwa Dayton, Marekani, tarehe 21 Novemba 1995. Kesho yake tu Baraza likapitisha Azimio 1022, na hilo ndilo la kusoma kwa makini, kwa sababu halikuondoa vikwazo. Lilivisimamisha. Tofauti si ndogo. Kikwazo kilichosimamishwa bado kipo kisheria, ila hakitekelezwi. Waandishi wa azimio waliweka sharti kwamba Mwakilishi Mkuu wa kimataifa, aliyesimamia upande wa kiraia wa mkataba, au kamanda wa IFOR, kikosi cha kulinda amani kilichoongozwa na NATO, akitoa taarifa kuwa Belgrade, yaani serikali ya Yugoslavia, au Waserbia wa Bosnia iliowaunga mkono vitani wanakiuka ahadi zao, vikwazo vitarudi siku ya tano baada ya Baraza kuipokea, isipokuwa Baraza lenyewe liamue vinginevyo. Kwa maneno mengine, kura ya turufu iligeuzwa upande: Urusi, iliyokuwa karibu na Waserbia, isingeweza peke yake kuzuia visirudi. Kwa maoni yangu huo ndio ufundi mkubwa kuliko yote katika waraka ule.

Waserbia wa Bosnia, ambao nao walikuwa wamewekewa vikwazo, hawakupata nafuu siku ileile. Kwao ilibidi kwanza majeshi yaondoke kwenye maeneo yaliyotenganisha pande mbili, jambo lililothibitishwa Februari 1996. Marufuku ya silaha ilikuwa na ratiba yake katika Azimio 1021: siku 90 za kwanza ilibaki kamili, kisha ikalegezwa isipokuwa kwa silaha nzito, na baada ya siku 180 ikafutwa.

Kuviondoa moja kwa moja kulifungwa kwenye uchaguzi. Vikwazo vingekoma siku ya kumi baada ya uchaguzi wa kwanza huru na wa haki uliotajwa Dayton. Wabosnia walipiga kura tarehe 14 Septemba 1996, Shirika la Usalama na Ushirikiano la Ulaya likaidhinisha matokeo tarehe 29, na tarehe 1 Oktoba Azimio 1074 likavifuta.

Inaonekana safi kwenye karatasi. Lakini ukishafunga vikwazo kwenye uchaguzi, anayeidhinisha uchaguzi anabeba mzigo mwingine ambao hauna uhusiano na masanduku ya kura. Wakimbizi wengi walikuwa hawajarudi makwao, uchaguzi wa mabaraza ya miji ulikuwa umeahirishwa kwa sababu ya hila katika uandikishaji, na vyama vya kikabila vilevile vilivyoongoza wakati wa vita ndivyo vilivyoshinda. Kukataa matokeo kungevuruga ratiba nzima.

Si kila mahali utaratibu hufuata mpangilio huo. Vikwazo ambavyo majirani waliiwekea Burundi mwaka 1996, baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka, vilisimamishwa Januari 1999, wakati mazungumzo ya amani ya Arusha yakiendelea. Mkataba wenyewe ulitiwa saini Agosti 2000. Kule nafuu ilitangulia mkataba.

Tena, kufutwa kwa vikwazo vya Umoja wa Mataifa hakufungui milango yote. Fedha za Yugoslavia zilizozuiwa nje ziliendelea kugombaniwa na nchi zilizorithi dola hiyo. Marekani nayo iliendelea kuifungia Belgrade njia ya kuingia Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, ikidai mabadiliko Kosovo, wakati huo jimbo la Serbia lenye Waalbania wengi, na ushirikiano na mahakama ya The Hague iliyoshughulikia uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani. Machi 1998, kwa sababu ya Kosovo hiyohiyo, Baraza likaiwekea Yugoslavia marufuku mpya ya silaha. Hiyo iliondolewa Septemba 2001, karibu mwaka mzima baada ya Rais Slobodan Milošević kuanguka.