Taa za ajabu angani: tuleteeni saa na upande, cheo kitafuata

ELIMU KWA UMMA

Siku hizi klipu za taa za ajabu angani zinazunguka sana katika makundi ya WhatsApp ya Arusha na Moshi, na nyingi zinakuja na maneno yale yale: "Hata wanajeshi wameona." Maneno hayo yanatumwa kama muhuri. Ukishasema askari wa lindo ameona, basi, mjadala umefungwa, na anayeuliza swali anaonekana analidharau jeshi. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Kwanza niseme wazi kwamba wengi wanaotupigia simu kuripoti taa hizo wana nia njema na hawadanganyi. Kitu walikiona. Tatizo ni mpangilio wa taarifa. Inaanza na nani aliyeona, inakwenda kwenye anachodhani ni nini, halafu salio linaisha kabla hatujaambiwa ilikuwa saa ngapi na upande gani wa anga. Bila hayo mawili hatuwezi kufanya lolote, hata kama shahidi ni jenerali.

Askari ni shahidi mzuri wa mambo fulani. Yuko macho wakati sisi tumelala, anakaa mahali pamoja kwa saa kadhaa, ana daftari la zamu na amefundishwa kutoa taarifa. Lakini hajafundishwa kuitambua Zuhura, ile sayari inayong'aa kama nyota kali. Na kazi yake ni kushuku kwanza; mkulima wa Machame akiona mwanga usioeleweka atarudi kulala, askari hawezi. J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyekuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Marekani kwa miaka mingi katika uchunguzi wa vitu visivyotambulika, alipanga taarifa hizo kwa kazi za mashahidi na kuchapisha matokeo mwaka 1977. Marubani wa kijeshi waliokuwa peke yao walikosea kutambua walichokiona katika asilimia 88 ya taarifa. Hynek hakuwa mtu wa kuwadharau mashahidi. Mwishoni aliwatetea kuliko wakubwa wake walivyopenda.

Kisa kinachotajwa kuliko vyote ni cha msitu wa Rendlesham, Suffolk, Uingereza, Desemba 1980. Askari wa Marekani waliokuwa wakilinda kituo cha Woodbridge waliona taa zikishuka msituni, kama saa tisa usiku hivi, wakaenda kuangalia. Usiku wa pili baada ya huo, naibu mkuu wa kituo, Luteni Kanali Charles Halt, aliingia msituni mwenyewe na watu wake, kinasa sauti mkononi. Barua aliyoiandika tarehe 13 Januari 1981 ndiyo iliyokipeleka kisa hicho duniani kote.

Sasa tazama hapa. Barua inasema tukio la kwanza lilikuwa tarehe 27 Desemba. Kumbukumbu za polisi wa Suffolk, walioitwa usiku ule ule, zinasema tarehe 26. Ni tofauti ya siku moja tu, lakini anga ya tarehe 27 ukiipekua huoni cha maana, wakati ya tarehe 26 inakuonyesha kimondo kikubwa kilichowaka juu ya kusini mwa Uingereza muda mfupi kabla ya saa tisa usiku. Polisi waliofika waliripoti kwamba taa pekee walizoziona ni za mnara wa kuongozea meli wa Orfordness, pwani. Mnara huo ulikuwa unamulika mara moja kila sekunde tano, na katika mkanda wa Halt, sauti zinazosema mwanga umetokea tena zinapishana kwa kadiri hiyo hiyo. Halt hajakubaliana na maelezo hayo, na ni haki yake. Hoja yetu ni ndogo zaidi: afisa mwenye cheo, mwenye mashahidi na kinasa sauti, alikosea tarehe, na tarehe ndiyo iliyokuwa ufunguo.

Vifaa navyo havimwokoi mtu. Mwaka 2019 mabaharia wa kivita wa Marekani walirekodi pembetatu zinazometameta juu ya meli yao, kupitia miwani ya kuonea usiku. Mei 17, 2022, Scott Bray, naibu mkurugenzi wa ujasusi wa jeshi hilo la majini, aliwaambia wabunge wao kwamba umbo la pembetatu lilitokana na mwanga kupita kwenye miwani kisha kunaswa na kamera. Vitu vyenyewe vilihusishwa na ndege zisizo na rubani. Pembetatu, kwa maneno mengine, ilikuwa ndani ya kifaa.

Wako wanaotutumia ripoti ya serikali ya Marekani ya Juni 2021, ile iliyochambua taarifa 144 na kuweza kueleza moja tu, puto lililokuwa linanywea. Wanaishia hapo. Wangeendelea kusoma wangekuta ripoti yenyewe inalalamikia uhaba wa data. Ofisi iliyoundwa huko mwaka 2022 kwa kazi hiyo, AARO, ilieleza Machi 2024 kwamba katika kupekua kumbukumbu za miaka mingi haikupata ushahidi wa teknolojia ya viumbe kutoka nje ya dunia. Taarifa ambayo haijaelezwa ni faili lililokosa karatasi. Kulijaza kwa majini, au kwa wageni kutoka sayari nyingine, au kwa "majaribio ya siri ya wakubwa", ni kuongeza karatasi ambayo haikuwemo.

Nakiri kwamba taasisi nazo huwa na haraka. Kapteni Thomas Mantell, rubani wa Marekani, alianguka na ndege yake Januari 7, 1948 akikifukuza kitu kilichokuwa juu sana. Wakubwa walisema alikuwa anaifukuza Zuhura. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni puto kubwa la Skyhook, mradi wa jeshi la majini uliokuwa siri wakati ule, na ambao rubani huyo hakuwa na namna ya kuujua. Kwa hiyo mtaalamu akikujibu "ni Zuhura tu" kabla hajakuuliza saa, una haki ya kumrudisha nyuma.

Turudi kwetu. Anga ya Arusha na Moshi ina mambo yake. Njia ya kurukia ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, imelala mashariki kwa magharibi. Ndege inayotua ikielekea magharibi inakuwa imewaelekezea watu wa Usa River na Tengeru taa zake za kutua. Mtu aliyesimama huko anaona nyota nyeupe kali sana, chini upande wa mashariki, imeganda. Haisogei kwa sababu inamjia. Haina sauti kwa sababu iko mbali. Halafu inazama ghafla, yaani imetua. Usiku wenye ndege mbili au tatu zinazofuatana, taa zinapangana moja juu ya nyingine. Subiri ndege igeuke, uone taa nyekundu kwenye bawa la kushoto na ya kijani kwenye la kulia.

Ule msururu wa nukta nyeupe zinazokwenda kwa mstari mmoja bila sauti ni setilaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa mafungu ya 60 Mei 2019. Sasa zimepita 6,000. Msururu unaonekana siku chache baada ya kurushwa, kabla hazijatawanyika na kupanda hadi kwenye kimo cha kilomita 550 hivi. Zinaonekana kwa sababu jua, ambalo kwetu limeshazama, kule juu bado linazipiga. Kwa latitudo yetu hiyo inamaanisha kati ya saa moja na saa mbili na nusu usiku, au kuanzia saa kumi hivi alfajiri. Zikifika kwenye kivuli cha dunia zinazimika moja baada ya nyingine mahali pale pale, na hapo ndipo watu hupiga kelele kwamba "zimeingia kwenye shimo".

Juu ya Kilimanjaro usiku wa manane kuna taa za kichwani za wapanda mlima wanaotoka kambi za Barafu na Kibo kuelekea kileleni. Kuna nyakati za moto pia; ule wa Oktoba 2020 uliwaka siku kadhaa. Mlima Meru hauwaki. Mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa 1910, na anayetuma ujumbe kwamba "Meru imeamka" kwa sababu ya mwanga mmoja begani mwake anawatisha watoto wa Ngaramtoni bure.

Kuna jambo jingine ambalo halihusu anga hata kidogo. Ukikodolea macho nukta moja ya mwanga gizani bila kitu kingine karibu yake, baada ya muda itaanza kuyumba, kupanda, hata kuzunguka. Ni macho. Marubani wanafundishwa habari hiyo. Dawa yake ni kusimama chini ya ukingo wa paa, kuegemeza kichwa ukutani, kuiweka nukta kwenye ncha ya bati na kungoja dakika mbili. Kama haikuachana na bati, haikuwa inasogea. Simu nayo ina ugonjwa wake: ukikuza picha, kamera inatafuta fokasi na kuikosa, nukta inavimba kuwa duara linalopumua, lenye mikunjo ndani. Hicho "chombo" kimo kwenye lenzi. Usikuze. Egemeza simu, na acha paa au mti uonekane pembeni ya picha.

Nije kwenye saa, maana hapa ndipo taarifa nyingi zinapoharibikia. Mwananchi anasema "saa 2 usiku". Askari anaandika 2000. Mtu wa usafiri wa anga anaandika 1700, kwa sababu kumbukumbu za ndege dunia nzima zinatumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Wote watatu wanasema wakati mmoja. Sasa taarifa inapoletwa ikiwa imeandikwa "saa 2" bila neno jingine, anayeisoma kijeshi anaona 0200, yaani saa nane usiku. Tofauti ni saa sita. Katika saa sita anga yote imezunguka robo: kilichokuwa karibu na upeo wa magharibi kimeshazama zamani, na kilichokuwa kinachomoza mashariki kiko utosini.

Chukua askari wawili wa lindo wanaoona mwanga mkali mweupe upande wa magharibi, chini, unaoshuka polepole kwa zaidi ya saa nzima. Ikiwa ni saa mbili usiku, Zuhura inaingia kwenye orodha moja kwa moja. Ikiwa ni saa nane usiku, haiwezi kuwa Zuhura hata kidogo, kwa sababu sayari hiyo haikai mbali na jua kiasi cha kuonekana kwetu saa hiyo, na tunalazimika kutafuta kitu kingine. Mashahidi hao hao, mwanga huo huo, majibu mawili. Kwa hiyo andika "saa 2:10 usiku" kamili, au 2010 kama umezoea hivyo, na useme ni saa ya aina gani. Andika hapo hapo, si kesho yake baada ya kusimuliana na wenzako kijiweni. Kama mko wawili, kila mmoja aandike ya kwake kabla hamjaongea.

Upande: taja mlima. Moshi mjini, Kilimanjaro uko kaskazini. Arusha mjini, Meru uko kaskazini. Kimo: nyosha mkono, kunja ngumi, hesabu ni ngumi ngapi kutoka upeo wa macho hadi kwenye mwanga, ngumi moja ni kama digrii 10. Muda tangu ulipouona hadi ulipopotea, na ulivyopotea: ulizimika, ulizama au uliingia wingu. Rangi. Sauti. Mahali uliposimama. Jina la anayedhaniwa kuwa rubani hatulihitaji.

Askari aliyeko kazini anaripoti kwa mkuu wake wa zamu, si kwetu na si kwenye kundi la familia. Raia aliyeona taa karibu na kambi asiisogelee, na asielekeze kamera kambini; maeneo hayo yanalindwa na Sheria ya Usalama wa Taifa, na maelezo ya "nilikuwa napiga picha nyota" hayatamsaidia. Mwenye ndege nyuki, au droni kama wengi tunavyoiita, lazima awe ameisajili Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kupata kibali cha Wizara ya Ulinzi kabla ya kuirusha, mchana au usiku, harusini au shambani. Kumulika ndege kwa tochi ya leza ni kuhatarisha abiria, na hakuna anayefanya hivyo kwa utafiti.

Kuhusu klipu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo na kwa nia ya kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Someni masharti yake: kujua, na nia. Aliyeona taa na kukosea kuitambua hajatenda kosa hilo. Aliyechukua klipu ya nchi nyingine, akaipachika sauti ya "wanajeshi wa Monduli" na kuisambaza, huyo ajiulize mwenyewe.

Mwisho, vinavyoanguka. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa jirani zetu wa Kenya, na shirika lao la anga likaenda kuichukua. Ikitokea kwetu, msiiguse, msiipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu, wekeni watoto mbali na mpigie polisi 112 au mwiteni mtendaji wa kijiji. Vipande vya roketi vinaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Namba hiyo ni ya dharura; taa iliyopita ikaenda zake haihitaji 112, na taarifa yake inaweza kusubiri kukuche.