Meya wa Kampala ana kura, kalamu anayo nani?

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka katika dampo la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, uliporomoka na kufukia nyumba za watu waliokuwa wamelala. Zaidi ya watu 30 walikufa. Dampo hilo lilikuwa limepokea taka za jiji tangu miaka ya 1990, na kwamba limejaa halikuwa siri kwa yeyote. Mwezi uliofuata Mkurugenzi Mtendaji wa jiji, naibu wake na mkurugenzi wa afya ya umma walifukuzwa kazi. Aliyewafukuza ni Rais Yoweri Museveni. Meya, Erias Lukwago, aliyekuwa amechaguliwa moja kwa moja na wakazi mara tatu, mwaka 2011, 2016 na 2021, hakuwa na uwezo wa kumwondoa hata mmoja wao.

Nimeanza na Kiteezi kwa sababu kila ninapoendesha mafunzo ya madiwani hapa Tanzania, huwa hakosi mmoja wa kunyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini wananchi wasimchague meya wao wenyewe?" Kwetu diwani huchaguliwa na kata yake, kisha madiwani hukaa na kumchagua meya miongoni mwao. Mwenye duka Kariakoo hana karatasi ya kura yenye jina la meya. Swali ni la haki, nami naliunga mkono. Ila Kampala inatuonyesha kwamba kura ni nusu tu ya jambo.

Kabla ya 2011 Kampala iliendeshwa kama halmashauri nyingine, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, na meya alichaguliwa na wananchi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kiti hicho kilikuwa kikienda kwa watu walio nje ya chama tawala. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakaliweka jiji chini ya Serikali Kuu, na Sheria ya Jiji Kuu la Kampala ya 2010 ikagawa madaraka upya. Wananchi waliendelea kumchagua Meya Mkuu, ambaye sheria inamtaja kuwa kiongozi wa kisiasa wa jiji. Mkurugenzi Mtendaji, anayeteuliwa na Rais, ndiye afisa masuuli: fedha hazitoki bila yeye, na watumishi wanawajibika kwake. Juu yao yupo waziri anayeweza kubatilisha maamuzi ya mamlaka ya jiji.

Mvutano ulianza mapema. Jennifer Musisi, Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza, alikuja na kazi inayoonekana kwa macho: barabara, makusanyo ya mapato, lakini pia kuwaondoa wachuuzi barabarani. Lukwago alisimama na wachuuzi. Novemba 2013 madiwani walipiga kura kumwondoa, mahakama zikaingia, na kwa muda mrefu jiji halikujua meya wake ni nani. Mwaka 2016 wapiga kura wakamrudisha. Walisema walichotaka, kwa sauti kubwa, na bado kalamu ya malipo ikabaki palepale ilipokuwa.

Wako wanaoona mpango huu unalinda jiji dhidi ya wanasiasa. Hoja hiyo siidharau. Nimekagua hesabu za halmashauri za kutosha kujua mwanasiasa akiachiwa zabuni hutokea nini. Lakini mkurugenzi asiyeweza kuguswa na baraza naye hajibu kwa mkazi wa Kiteezi.

London walichukua njia nyingine. Sheria ya 1999 iliunda umeya wa jiji zima, na Mei 2000 Ken Livingstone, akigombea bila chama, akawa wa kwanza kuchaguliwa. Ile sheria ilimkabidhi usafiri wa umma: meya anateua bodi yake na anapanga nauli. Ndiyo maana Februari 2003 aliweza kuanzisha tozo ya pauni 5 kwa siku kwa gari linaloingia katikati ya jiji, jambo ambalo wengi waliapa lingemmaliza kisiasa. Mwaka uliofuata alichaguliwa tena. Baraza la wajumbe 25 linamhoji hadharani, na linaweza kubadili bajeti yake likipata theluthi mbili ya kura. Hata hivyo, taka za London si zake. Zinazolewa na halmashauri za mitaa.

Kenya ilifuta umeya kabisa, na tangu 2013 Nairobi inachagua gavana. Yeye ana kalamu, ana bajeti, anateua mawaziri wake kwa idhini ya bunge la kaunti. Hata hivyo Februari 2020 Gavana Mike Sonko, akiwa amezuiwa na mahakama kuingia ofisini mwake, alitia saini kukabidhi afya, usafiri, ujenzi na mipango miji kwa serikali ya kitaifa.

Kwa hiyo diwani akiniuliza lile swali lake, humwomba kwanza afungue sheria ya halmashauri yake atafute mahali panapomtaja mkurugenzi: anateuliwa na nani, na baraza likimkataa kunatokea nini. Kwetu anateuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa baraza na afisa masuuli. Mswada wa kumchagua meya moja kwa moja ukiletwa bila kugusa ukurasa huo, utatupa meya wa Kampala.