Draiva haikuwa mbovu: kuunganisha mizani ya samaki na mfumo wa hesabu

Karatasi iliyobandikwa kwenye skrini ilisema: DRAIVA MBOVU, USIGUSE. Aliyeiandika ni fundi aliyenitangulia, na simu yake ilikuwa haipatikani tena.

Mahali ni Kirumba, Mwanza, kwa mnunuzi wa sangara na sato. Chini, pale samaki wanapopokelewa, kuna mizani iliyounganishwa na kompyuta ya Windows, na programu ya mizani ilikuja na kanzidata yake, SQL Server Express. Juu, ofisini, kuna mfumo wa hesabu ulioandikwa kwa Java, unaotunza mambo yake kwenye MySQL. Karani wa chini alikuwa anasoma kilo kwenye mizani, anaandika daftarini, halafu daftari linapanda ngazi likinuka shombo, kurasa zimegandana. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: mfumo wa juu usome kilo wenyewe kutoka chini.

Draiva ni nini hasa? Programu ya Java haijui lugha ambayo SQL Server huzungumza kwenye waya. Inachojua ni JDBC, yaani utaratibu mmoja wa kuomba: fungua muunganisho, peleka swali, niletee majibu. Draiva hupokea ombi hilo na kuligeuza kuwa lugha ya kanzidata inayohusika. SQL Server ina TDS, MySQL na PostgreSQL kila moja ina yake. Excel na programu nyingine za Windows hupitia utaratibu wenye umri mkubwa zaidi, ODBC, ambao Microsoft waliutoa mwaka 1992. JDBC ilifuata mwaka 1997. Kwa hiyo draiva ni mkalimani. Mkalimani hafungui geti wala hatengenezi barabara, lakini yeye ndiye anayetwishwa lawama za geti na za barabara.

Kitu cha kwanza ninachosoma ni maneno ya kosa, herufi kwa herufi, kwa sababu kosa husema safari imekwama wapi. Mtumbwi ambao haujasukumwa majini una dawa yake, na ule uliofika gatini ukakatazwa kupakua una dawa yake.

Kosa la pale Kirumba lilisomeka "No suitable driver found". Hilo ni la mtumbwi ulio bado mchangani. Hakuna kilichotoka kwenye kompyuta, kwa hiyo kuhangaika na waya au nywila ni kupoteza siku. Wengi wakiliona hudhani faili la draiva halipo, na mara nyingi ni kweli: limewekwa kwenye folda ya mradi badala ya pale programu inapolitafuta. Kwenye Tomcat, seva inayoendesha programu za Java, kama miunganisho umeiandaa kwenye seva yenyewe, draiva ikae kwenye folda ya lib ya Tomcat; kuiweka ndani ya programu peke yake hakutoshi. Lakini hapa faili lilikuwepo, tena mahali pake. Java hufanya hivi: huchukua anwani uliyoandika na kuuliza kila draiva iliyopo, "Hii ni yako?" Zote zikikataa, unapata kosa hilo. Fundi alikuwa ameandika jdbc:sqlsever. Herufi moja, r, ndiyo iliyoponza draiva nzima ikabandikiwa karatasi.

Nilisahihisha, nikapata kosa jipya, nikafurahi. Kosa jipya ni hatua.

Hilo jipya lilikuwa langu mwenyewe, kusema kweli. Nilikuwa nimeleta draiva mpya na Java ikaikataa kwa "UnsupportedClassVersionError", ikitaja toleo la 55. Namba 55 ni Java 11. Seva ya mteja ilikuwa na Java 8, ambayo mwisho wake ni 52. Microsoft hutoa draiva hiyo kwa majina yenye mkia, jre8 au jre11, na mimi kwa haraka nilichukua ya pili. Angalia mkia.

Baada ya hapo mtumbwi ukaingia majini, na hapa ndipo penye kazi. Makosa ya njiani ni mawili na watu huyachanganya. "Connection refused" maana yake umefika kwenye mashine yenyewe, umegonga, na mashine imekujibu kwamba kwenye poti hiyo, yaani mlango wenye namba uliougonga, hakuna mtu anayesikiliza. "Timed out" maana yake umegonga na hakuna aliyejibu lolote, ujumbe umemezwa njiani, na mara nyingi aliyeumeza ni fayawoli, programu inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa. Kwenye Windows naandika Test-NetConnection, anwani ya mashine, kisha -Port 1433, na ndani ya nusu dakika najua nashughulika na lipi. Jaribio hilo halihusishi Java wala draiva, na huo ndio uzuri wake.

SQL Server Express ina tabia mbili zinazowatesa watu. Ya kwanza, ikisakinishwa huwa imefungiwa TCP/IP, maana yake inazungumza na programu zilizo kwenye kompyuta yake tu. Programu ya mizani ilikuwa ikifanya kazi bila shida, kwa hiyo karani aliapa kwamba kanzidata ni nzima, na alikuwa sahihi. Ya pili, huwa haikai kwenye poti 1433 iliyozoeleka. Hujichagulia poti yoyote iliyo wazi, na wanaoitafuta huelekezwa na huduma nyingine iitwayo SQL Browser inayosikiliza UDP 1434. Mimi sipendi kuelekezwa. Niliingia SQL Server Configuration Manager, nikawasha TCP/IP, nikaenda IPAll, nikafuta kilichoandikwa kwenye poti za kubadilikabadilika, nikaandika 1433, nikawasha upya huduma. Kisha nikafungua poti hiyo kwenye fayawoli ya Windows kwa anwani ya seva ya juu peke yake. Karani alisimama nyuma yangu na kisu cha kuparia samaki mkononi akiuliza, "Kaka, mizani yangu utairudisha kama ulivyoikuta?" Nilimjibu ndiyo kwa sauti ya upole sana.

Ikaja "Login failed", kosa namba 18456. Kusikia hivyo ni kujua kwamba barabara ni nzima, draiva ni nzima, na sasa uko mlangoni na mlinzi. SQL Server kwa kawaida huwekwa ikubali watumiaji wa Windows tu. Jina na nywila vya kwake mwenyewe havikubaliwi mpaka ubadilishe hali hiyo na kuiwasha upya. Fundi wa mwanzo alikuwa ametumia sa, mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote. Hilo silikubali hata kwa majaribio. Nilitengeneza mtumiaji wa kusoma tu, tena asome jedwali la mizigo iliyopimwa na si jingine. Mfumo wa hesabu hauna sababu ya kuwa na uwezo wa kufuta kilo za sangara. MySQL nayo ina lake kwenye hatua hii: mtumiaji hutambuliwa kwa jina pamoja na mahali anapotokea, kwa hiyo mtu yuleyule mwenye nywila ileile atakubaliwa akiwa kwenye seva na kukataliwa akitokea kompyuta ya pili. Kosa lake hutaja vyote viwili, jina na anwani. Soma kilicho baada ya alama ya @.

Nilidhani nimemaliza, ikaja habari ya cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha seva. Kuanzia toleo la 10.2 la mwaka 2022, draiva ya SQL Server husimba mawasiliano yenyewe bila kuambiwa, na hutaka cheti cha seva kinachoaminika. Kompyuta ya mizani ilikuwa na cheti ilichojitengenezea yenyewe. Mtandaoni utaambiwa uongeze trustServerCertificate=true, na kosa litapotea kweli. Elewa tu ulichokubali: mawasiliano bado yamesimbwa, lakini hukagui unazungumza na nani. Kwa waya mmoja kati ya ghorofa mbili za jengo lenye geti, niliruhusu. Mteja huyohuyo ana tawi Nansio, Ukerewe, linalotumia intaneti ya simu, na huko nilikataa. Tuliweka VPN, njia ya faragha iliyosimbwa juu ya intaneti, na cheti halali, ikachukua siku mbili zaidi na maneno kidogo kuhusu malipo.

Upande wa MySQL kulikuwa na kero ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wataitambua. Matoleo ya Connector/J, draiva ya Java ya MySQL, ya 8.0 kabla ya 8.0.23 huiuliza seva iko saa za wapi, seva inajibu EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, na draiva inagoma kwa kuwa haiitambui. Dawa ni kuandika serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam mwishoni mwa anwani, au kupandisha toleo la draiva. Usiandike UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa sababu tu kosa limenyamaza. Mzigo uliopimwa saa saba na nusu usiku utahifadhiwa kama saa nne na nusu, yaani jana yake, na mvuvi atakuja asubuhi kudai kilo ambazo ripoti ya leo haizioni.

Excel ya mhasibu niliipitia kwa dakika kumi. ODBC ya Windows ina madirisha mawili ya kuweka mipangilio, la biti 32 na la biti 64, na Excel ya biti 32 haioni draiva ya biti 64. Kinachochekesha ni kwamba dirisha la biti 64 liko kwenye folda iitwayo System32, na lile la biti 32 liko kwenye SysWOW64. Hapana, sijakosea kuandika.

Wiki moja baadaye nikapita kuangalia. Nilimwamkia mhasibu, mama mtu mzima, nikamwona anafungua mfumo, unatoa kosa, anabofya tena, unafunguka. Nikamuuliza, mama, hiyo imeanza lini?

"Mwanangu, huu ndio ulivyo siku zote. Ya kwanza ni ya kuuamsha."

Kufungua muunganisho mpya kila mara ni gharama, kwa hiyo programu huweka puli, miunganisho michache iliyo wazi inayoazimwa na kurudishwa. Iwe michache kweli: nimewahi kukuta mtu ameweka 200 kwa ofisi ya watu sita, ilhali MySQL isipobadilishwa hupokea 151. Sasa MySQL hukata muunganisho uliokaa kimya sekunde 28,800, ambazo ni saa nane. Ofisi inafungwa saa kumi na mbili jioni, mhasibu anafika saa mbili asubuhi. Zimepita saa kumi na nne. Puli inamkabidhi muunganisho uliokufa usiku, anapata "Communications link failure", puli inautupa, wa pili unakuwa mzima. Ushauri unaosambaa sana ni autoReconnect=true, na nyaraka za Connector/J zenyewe hazikushauri uitegemee. Nilichofanya ni kuiagiza puli ijaribu muunganisho kwa swali dogo, SELECT 1, kabla ya kuutoa, na kutouweka wowote zaidi ya nusu saa.

Kesho yake niliwahi kufika kabla yake. Alibofya, mfumo ukafunguka mara moja. Aliutazama kidogo, akaufunga, akabofya tena.