Nyumba za bei nafuu kwenye ardhi ya kanisa ni kitu gani, na halmashauri inaingiaje

Watu wengi wakisikia halmashauri inasaidia kanisa kujenga nyumba wanawaza moja kwa moja kwamba kodi zetu zinaenda kwa askofu, hapana, haiko hivyo. Iko hivi: kanisa lina eneo limekaa tu, linaamua kujenga hapo nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini, halmashauri inalegeza upande wake, yaani inaharakisha kubadili matumizi ya kiwanja, inapunguza ada za vibali, inafikisha barabara na mtaro, af kanisa nalo linafungwa kwa maandishi kwamba kodi ya nyumba itabaki chini ya bei ya soko kwa miaka kadhaa. Hiyo ya mwisho ndo roho yake. Ikikosekana hiyo ni biashara ya nyumba kama ya mtu yeyote.

Kwa nini kanisa? Kiwanja ndo kinakula hela kabla hata msingi haujachimbwa. Ukinunua Njiro au Sakina hapa Arusha kwa bei za sasa af ukajenga, huwezi kumpangishia dereva boda au mama anayeuza nyanya soko la Kilombero kwa kodi anayoiweza, lazima kwanza urudishe hela ya kiwanja, wakati kanisa kiwanja linacho tangu enzi za wazee na mara nyingi kiko katikati ya mji, karibu na soko na daladala.

Marekani hii kitu imeshika kasi, wanaiita YIGBY, yaani "Yes In God's Backyard", ndiyo, jengeni kwenye uwanja wa Mungu. San Diego walilegeza masharti ya maegesho 2019 ili makanisa yajenge kwenye parking zao. Af 2023 jimbo zima la California likapitisha sheria ya SB 4, imeanza kazi Januari 2024: kanisa likitimiza masharti, halmashauri haiwezi kulikatalia eti majirani hawataki. Nyumba za kupanga lazima zibaki nafuu miaka 55, za kuuza miaka 45. Miaka 55 jamani, mtoto anazaliwa humo mpaka anapata wajukuu!

Kwetu Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, ndivyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyosema, na kanisa linashika hati kupitia bodi ya wadhamini. Hati ina matumizi yake, sa kama imeandikwa ibada huwezi kuamka tu ukapandisha ghorofa la wapangaji, lazima uanzie kwa watu wa mipango miji halmashauri. Kwa hiyo Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi wanaweza kusaidia sana bila kutoa hata shilingi.

Na kanisa kushirikiana na serikali sio jambo geni huku. KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa 1971, ni hospitali ya makanisa na serikali inachangia mishahara ya watumishi, na getini hakuna anayekuuliza dini yako. Nyumba nazo ziwe hivyohivyo, Muislamu wa mtaa wa Unga Limited apange foleni moja na mzee wa usharika.

Ikitokea parokia au usharika wako unaleta wazo hili kwenye kikao, omba kuuona mkataba mapema: kodi inapangwa na nani, kwa miaka mingapi, vyumba vinagawiwaje, na kiwanja kikija kuuzwa au kukopewa benki wapangaji wanabaki na haki gani.